Wageni wa Maine walioomba jembe wenyewe

Iwapo wewe ni mpenzi wa ndondi, jina la Lewiston si geni masikioni mwako. Ni katika mji huu mdogo wa jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, ambapo Muhammad Ali alimwangusha Sonny Liston katika raundi ya kwanza mnamo Mei 25, 1965. Picha ya Ali akiwa amesimama juu ya mpinzani wake, mkono ameukunja kifuani na mdomo wazi, imezunguka ulimwengu mzima.

Lakini leo hatukupeleki Lewiston kwa ajili ya ndondi. Tunakupeleka shambani. Nje kidogo ya mji huo wapo wakulima ambao huenda uliwahi kupishana nao Garissa au Lodwar bila kuwajua. Wanapalilia mahindi, mchicha na maboga, huku baadhi yao wakizungumza lugha ambayo ukiitegea sikio utadhani ni Kiswahili kilichopotea njia miaka mingi iliyopita.

Watu hawa ni Wabantu wa Somalia. Wamepitia nchi tatu, kambi mbili na bahari moja kubwa, na walipofika mwisho wa safari hawakuomba kitu kingine ila mahali pa kupanda mbegu. Habari ya jinsi walivyopewa mahali hapo, na jinsi walivyofundishwa kulima katika nchi ambayo udongo hugandana kama jiwe kwa miezi mitano, inafaa kusomwa na kila familia ya mjini ambayo bado ina shamba nyumbani.

Njia ya kwenda

Kutoka Nairobi utapanda ndege hadi mojawapo ya miji ya Ulaya au ya Ghuba, kisha nyingine hadi Boston. Hapo utaabiri basi la kuelekea kaskazini, ukiiona Bahari ya Atlantiki hapa na pale upande wako wa kulia, mpaka Portland, ambao ndio mji mkubwa zaidi wa Maine. Lewiston iko karibu kilomita 60 mbele yake, bara.

Mji wenyewe una watu wapatao 37,000, na umetenganishwa na mwenzake, Auburn, na mto uitwao Androscoggin. Kwenye maporomoko ya mto huo ndipo matajiri wa karne ya 19 walipojenga viwanda vya nguo ili maji yazungushe mitambo yao. Hadi leo utayaona majengo hayo ya matofali mekundu, marefu kama magari ya moshi yaliyoegeshwa kando kando ya mto.

Waliofanya kazi humo wengi walikuwa Wafaransa kutoka Kanada, Wakatoliki maskini waliokuja kwa gari moshi na watoto wao. Usidhani walipokewa kwa maua. Mwaka 1919 jimbo la Maine lilipitisha sheria ya kukataza kufundisha kwa Kifaransa katika shule za umma, na katika miaka ya 1920 kundi la Ku Klux Klan lilipata wafuasi wengi jimboni humo kwa kuwachukia Wakatoliki hao. Wao walijibu kwa kujenga kanisa kubwa la Watakatifu Petro na Paulo, ambalo minara yake huonekana kutoka mbali hata kabla hujaingia mjini.

Viwanda vilipoanza kufungwa katika nusu ya pili ya karne ya 20, vijana walihama, na nyumba za ghorofa za katikati ya mji zikabaki tupu. Maine likawa jimbo lenye wazee wengi kuliko majimbo mengine ya Marekani. Hilo ndilo pengo ambalo wageni wetu walikuja kulijaza, ingawa hakuna aliyewaalika.

Walikotoka

Ili uelewe kwa nini mtu avuke dunia nzima kisha aulizie jembe, sharti turudi nyuma karibu miaka 200.

Katika karne ya 19 watu wengi walikamatwa au walirubuniwa kutoka sehemu ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, wakauzwa katika mwambao wa Somalia. Walikuwa Wazigua, Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wazaramo na wengineo. Wazigua kwa upande wao husimulia kwamba njaa kali ndiyo iliyowafikisha pwani, ambako waliahidiwa kazi na chakula ng'ambo, na badala yake wakajikuta watumwa katika mashamba ya bonde la mto Shabelle.

Wapo waliotoroka wakaenda kusini, hadi msitu mkubwa wa mto Jubba uliojulikana kama Gosha. Simulizi za wazee zinamtaja mwanamke aliyekuwa mwonaji, Wanankhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza Wazigua katika safari hiyo ya kurudi nyumbani. Nyumbani hawakufika. Walipoona udongo wa Jubba ni mzuri walifyeka msitu, wakapanda mahindi na ufuta, wakakaa.

Hawakukaa kwa amani. Katika miaka ya 1930 Waitaliano waliokuwa wakiitawala Somalia waliwalazimisha kufanya kazi katika mashamba yao ya ndizi na pamba. Baada ya uhuru walihesabiwa kuwa raia wa daraja la chini. Mwaka 1975 sheria mpya ilifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali, na aliyetaka kuitumia akatakiwa kuisajili. Wakulima wa Jubba, wasiojua kusoma wala njia za kufika ofisini, walishtukia maafisa na matajiri kutoka mbali wakija na karatasi zinazosema kwamba mashamba ya babu zao yana mwenyewe mwingine. Msomaji wa Kenya hana haja ya kuelezwa zaidi jambo hilo. Neno skwota analijua.

Serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwaka 1991, wenye bunduki waliwavamia wakulima hao kwa sababu ndio waliokuwa na chakula ghalani. Maelfu waliuawa au walikufa njaa. Waliosalia walitembea hadi mpaka wa Kenya, wakaishia Dadaab, katika kambi za Ifo, Hagadera na Dagahaley.

Huko nako walidharauliwa na wakimbizi wenzao, na waliotoka kutafuta kuni walishambuliwa. Umoja wa Mataifa uliwatafutia makao. Msumbiji iliombwa iwapokee, kwa kuwa ndiko baadhi ya mababu walikotoka, lakini ilikuwa ikijijenga upya baada ya vita vyake yenyewe na ikasema haina uwezo. Tanzania iliwapokea wengine huko Chogo, wilayani Handeni, katika nchi ile ile ya Wazigua, na baadaye ikaanza kuwapa uraia.

Mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwachukua. Mwaka 2002 yapata watu 12,000 walibebwa kwa mabasi kutoka Dadaab hadi Kakuma, safari ya karibu kilomita 1,500, ili wahojiwe mahali penye usalama zaidi. Huko Kakuma walifundishwa mambo ya Marekani, kuanzia jiko la umeme hadi namna ya kupanda ngazi za ghorofa. Kundi la kwanza liliruka mwaka 2003.

Wageni mjini

Walitawanywa katika miji mingi. Lakini habari husafiri, na punde si punde ilisikika kwamba kuna mji uitwao Lewiston wenye nyumba za bei nafuu, shule nzuri na usalama kwa watoto. Wasomali wengine walikuwa wameanza kuhamia huko mwaka 2001. Kuanzia 2005 familia za Wabantu nazo zikaanza kufika.

Mji haukuwa umejiandaa. Mwaka 2002 meya wa wakati huo, Laurier Raymond, aliandika barua ya wazi akiwaomba Wasomali wapunguze kasi ya kuja, kwa maana mji ulikuwa umeelemewa. Barua hiyo ilizua zogo nchi nzima. Januari 2003 kikundi cha wabaguzi kilipokuja kufanya mkutano dhidi ya wageni, waliohudhuria walikuwa wachache mno, watu wapatao thelathini tu. Siku hiyo hiyo, upande mwingine wa mji, watu zaidi ya 4,000 walijitokeza kwenye baridi kuwaunga mkono wageni.

Kuna kisa kimoja cha ajabu ambacho wenyeji hupenda kukieleza. Catherine Besteman, mwanaanthropolojia, aliishi mwaka 1987 na 1988 katika kijiji cha Banta, kando ya mto Jubba, akijifunza maisha ya wakulima. Vita vilipozuka alipoteza habari zao zote. Baadaye akawa mwalimu katika Chuo cha Colby, papo hapo Maine. Mwaka 2006 alikutana na Wabantu wa Lewiston, na wakagundua kwamba baadhi yao walikuwa watu wa Banta. Picha zilizopigwa kijijini miaka ya 1980 ziliwafanya watu waone sura za wazazi na jamaa zao waliokwisha kufa. Kitabu alichoandika kuhusu watu hao, Making Refuge, kilitoka mwaka 2016.

Mkulima anafundishwa nini?

Sasa tuje kwenye kiini cha safari yetu. Fikiria mama wa miaka hamsini, aliyelea watoto minane kwa jembe, akiwa amefungiwa katika ghorofa ya tatu mjini Lewiston. Watoto wako shule. Hajui Kiingereza. Nje kuna theluji. Akienda dukani anaona mboga zilizofungwa kwa plastiki ambazo hazijui hata moja. Akina mama wa namna hii ndio waliokuwa wa kwanza kuulizia mashamba, na hadi leo wengi wa wakulima hao ni wanawake.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alikuwa akiliomba mwenyewe. Kilichokuwa adimu ni shamba.

Mpango wa kwanza wa kuwafundisha wakulima wahamiaji katika jimbo hilo ulianzishwa mwaka 2002 na shirika la Coastal Enterprises, na baadaye ukachukuliwa na shirika jingine, Cultivating Community, lenye makao Portland. Kituo chake kikubwa kilikuwa katika shamba la Packard-Littlefield, huko Lisbon, kilomita chache kutoka Lewiston.

Shamba la aina hii Wamarekani hulifananisha na mashine ya kutotolea vifaranga. Mkulima mpya hapewi ekari kumi siku ya kwanza. Anakatiwa kipande kidogo, analipa kodi ndogo, na anatumia trekta, mabomba ya maji, chumba cha kuoshea mboga na chumba cha baridi pamoja na wenzake. Akifanikiwa mwaka huu, mwaka ujao anaongezewa. Akishindwa, hasara yake ni ya kipande kidogo tu, wala hajaweka rehani nyumba ya mtu. Miaka ikipita anatarajiwa kuwa ameiva kiasi cha kujitegemea na kumwachia mwingine nafasi.

Utauliza, mtu aliyezaliwa shambani anafundishwa nini tena? Swali hilo ni zuri, na walimu wa kwanza iliwabidi wajiulize vivyo hivyo. Watu hawa hawakuhitaji kuelezwa mmea ni nini. Walichohitaji ni kuijua nchi ngeni, na kulijua soko geni.

Chukua mfano wa majira. Katika bonde la Jubba mkulima hutazama mvua na mafuriko ya mto. Maine hutazama baridi. Jalidi ya mwisho huanguka katikati ya Mei, na ya kwanza hurudi mwishoni mwa Septemba au mapema Oktoba. Una takriban miezi minne na nusu kati yake. Asiyeanza miche yake ndani ya nyumba ya plastiki mwezi Machi au Aprili, huku theluji ikiwa bado imelala nje, hatavuna nyanya wala pilipili za maana.

Tazama pia urefu wa siku. Sisi tulio karibu na ikweta tumezoea saa kumi na mbili za mwanga mwaka mzima. Maine mwezi Juni jua hukaa angani zaidi ya saa kumi na tano. Mahindi ya nchi za joto yakipandwa huko huchanganyikiwa. Hurefuka kama mnazi, huchelewa kutoa mbelewele, na baridi huyakuta hayajakomaa. Mkulima aliyebeba mbegu ya nyumbani kwa mapenzi makubwa huishia kuvuna majani.

Dawa ilipatikana katika mahindi magumu ya asili ya huko huko kaskazini, ambayo jamii za Wabanaki, wenyeji wa kwanza wa nchi hiyo, waliyalima karne nyingi kabla ya Mzungu kufika. Punje zake ni ngumu kama kioo, hukomaa mapema na husagika vizuri. Kwa Wabantu ilikuwa kama kukutana na ndugu, maana mahindi magumu ndiyo waliyoyazoea kwa soor, ambayo wewe ungeiita ugali bila kusita.

Halafu kuna masomo ya soko. Haya ndiyo magumu zaidi, na hufundishwa wakati wa baridi, shamba likiwa limelala. Mkulima hujifunza kupanga mwaka mzima kwenye karatasi: wiki hii nitapanda mistari mingapi, nitavuna lini, nani atanunua. Hujifunza kuandika stakabadhi, kuweka hesabu za kodi, na kufuata kanuni za usafi wa chakula. Kwa kuwa wengi hawakuwahi kwenda shule, walimu huwatumia wakalimani, picha na rangi badala ya maandishi, na mara nyingi mtoto wa darasa la saba ndiye huwa karani wa mama yake.

Hujifunza pia tabia za mteja. Mama aliyezoea kuuza mchicha kwa fungu chini ya mti anaelezwa kwamba Mmarekani anataka karoti zilizooshwa zikang'aa, zimefungwa kwa ukubwa mmoja, na bei imeandikwa ili asijadiliane. Anaelezwa kwamba kuna familia zitakazomlipa pesa za msimu mzima kabla hajapanda, kisha zipokee kikapu cha mboga kila wiki. Na anashangaa kusikia kwamba mchicha wake mpendwa, kwa wakulima wengi wa huko, ni gugu la kung'olewa na kutupwa.

Shamba la Ukombozi

Mwaka 2014 Wabantu wenyewe waliamua kuanzisha mpango wao. Chama chao cha Maine, kilichoundwa mwaka 2005 na ambacho Muhidin Libah amekuwa kiongozi wake kwa miaka mingi, kilizindua Liberation Farms, yaani mashamba ya ukombozi. Huko mkulima hupewa kipande cha sehemu ya kumi ya ekari ili kwanza alishe nyumba yake, na ziada auze akitaka. Familia zaidi ya 200 zimepata vipande kwa njia hiyo.

Kwa wanaotaka biashara kuna iskashito, neno la Kisomali lenye maana ya kushirikiana. Kikundi cha wakulima hulima mahindi pamoja, huvuna pamoja, unga husagwa na kuuzwa, na mapato hugawanywa. Bila shaka umeshaliona jambo hili kwenu. Wakikuyu huliita ngwatio, na taifa zima huliita harambee. Aidha chama hicho hufuga mbuzi wa kuchinjwa kihalali, kwa sababu nyama ya mbuzi inayopatikana madukani Marekani nyingi huja ikiwa imegandishwa kutoka Australia, na mzee wa Jubba haoni raha kumla mbuzi asiyemjua.

Kwa miaka kadhaa walilima katika ardhi ya kukodi kwa muda mfupi, mara hapa mara kule. Nani atapanda mti wa matunda au kujenga ghala katika shamba ambalo mwaka ujao si lake? Mwaka 2020, kwa kushirikiana na shirika liitwalo Agrarian Trust, walichangisha pesa wakapata shamba la zaidi ya ekari 100 katika kijiji cha Wales, karibu na Lewiston, kwa mkataba wa kukodi wa miaka 99. Jina walilolipa mpango huo ni Little Jubba, Jubba Ndogo.

Nao wakulima wanne waliohitimu kutoka shamba la mafunzo la Lisbon waliungana mwaka 2016 wakaunda ushirika uitwao New Roots. Walikodi ekari 30 za lililokuwa shamba la ng'ombe wa maziwa mjini Lewiston, kwa makubaliano kwamba wangeweza kulinunua baadaye. Ulikuwa ushirika wa kwanza wa wakulima wa namna hiyo katika jimbo zima.

Pesa na imani

Usidhani mambo ni mteremko. Mkulima wa Marekani hukopa ili anunue ardhi, trekta na mbegu, na mkopo una riba. Wabantu hawa ni Waislamu, na wengi wao hawagusi riba. Kwa hiyo mlango ambao umefunguliwa kwa wengine, kwao unabaki umefungwa. Njia mojawapo ya kuukwepa ugumu huo ni ile ya murabaha, ambapo mkopeshaji hununua kifaa mwenyewe kisha humuuzia mkulima kwa bei ya juu kidogo iliyokubaliwa tangu mwanzo, nayo hulipwa polepole. Njia nyingine ndiyo hiyo ya kukodi kwa miaka 99 kutoka kwa shirika lisilotafuta faida.

Serikali ya Marekani nayo ina sababu zake za kuwataka wakulima wapya. Sensa yake ya kilimo ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba wastani wa umri wa mkulima ni miaka 58, na kwamba zaidi ya asilimia 95 ya wakulima ni weupe. Wazee hao wakistaafu, nani atashika usukani? Sheria ya kilimo ya mwaka 1990 ilianzisha msaada kwa wakulima wa jamii zilizobaguliwa zamani, na ile ya mwaka 2008 ikatenga pesa za kuwafundisha wanaoanza, yaani wale ambao hawajapitisha miaka kumi shambani. Vyama vingi vya wahamiaji vimejengwa kwa pesa za aina hiyo.

Lakini mkono unaotoa ndio huo huo unaonyima. Januari 2025 serikali mpya ya Washington ilisimamisha mpango wa kuwapokea wakimbizi, na Machi mwaka huo huo Wizara ya Kilimo ikafuta mamia ya mamilioni ya dola zilizokuwa zitumike kununua vyakula vya wakulima wa karibu kwa ajili ya shule na maskini. Mkulima mdogo aliyekuwa amepanga mistari yake kwa kutegemea mnunuzi huyo alijikuta na mboga na hana pa kuzipeleka. Ndiyo sababu walimu husisitiza kwamba mkulima asiwe na mteja mmoja tu, hata kama mteja huyo ni serikali.

Si Lewiston pekee. Karibu na St. Paul, Minnesota, Wahmong waliotoka Laos wana shamba la pamoja la ekari 155 chini ya chama walichokianzisha mwaka 2011. Huko San Diego, California, wakimbizi, wakiwemo Wabantu wa Somalia, walifungua shamba katikati ya mtaa wa City Heights mwaka 2009, na mwaka uliofuata Michelle Obama, mkewe rais wa wakati huo, aliwatembelea.

Sisi je?

Mambo haya yanatuhusu. Kambi za Dadaab na Kakuma zingali hapa kwetu, na ndani yake wamo wakulima waliokaa miaka thelathini bila shamba. Mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yalifunguliwa Turkana kwa nia ya kuwawezesha wakimbizi na wenyeji kulima na kufanya biashara pamoja. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 2021 na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 vinaelekea upande huo huo. Yapo manung'uniko ya wenyeji, nayo yana haki ya kusikilizwa, hasa pale maji ni haba. Hata hivyo Lewiston yaonyesha kwamba mgeni anayelima hula chake, na humuuzia jirani.

Wewe kijana unayesoma chuoni Nairobi, huenda nawe ni mkulima mgeni bila kujua. Ulizaliwa mtaani, na shamba la babu unalijua wakati wa Krismasi tu. Ukirudi huko na pesa za mkopo ukaanza na ekari tano za nyanya, mnyauko au madalali watakumaliza msimu wa kwanza. Anza na kipande kidogo, mtafute afisa wa kilimo wa nyanjani, jiunge na wenzako mkodi pampu moja, na ujue mnunuzi wako kabla ya kununua mbegu. Hayo ndiyo mama wa Jubba aliyofundishwa kwa picha na rangi.

Ukibahatika kwenda

Wakati mzuri wa kuzuru ni kati ya Julai na Septemba, mashamba yakiwa yamesheheni. Desemba usijaribu, jua huzama mara tu baada ya saa kumi jioni, na baridi huweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sufuri.

Anzia Barabara ya Lisbon, katikati ya Lewiston, yenye maduka ya Wasomali, ule sambusa na unywe chai ya maziwa. Kisha ulizia soko la wakulima. Ukimwona mama aliyejifunga leso nyuma ya meza ya mboga, msalimu kwa Kiswahili. Waliopitia kambi zetu wengi walikiokota kidogo, na Wazigua watakuelewa hata usipojitahidi. Usimpige picha kabla ya kumwomba ruhusa, na usimuulize habari za vita. Muulize mahindi yameendeleaje mwaka huu. Ukiona anaita watoto waje wakusikilize, jitayarishe kukaa, kwa maana atataka kujua mvua ilinyesha lini Garissa, na unga wa kilo mbili unauzwa shilingi ngapi siku hizi.